Kuchunguza mizunguko ya kemikali ya Dunia na vijidudu vya kale: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ni maswali ninayoulizwa zaidi tangu nilipoingia katika kazi hii. Wanaouliza ni wanafunzi wanaotafuta njia, wazazi wanaotaka kujua mtoto wao anasomea nini, na watu wenye hamu tu ya kuelewa. Penye mengi nimejibu kwa kirefu, pasipo na mengi nimepita haraka.

Kazi hii ni nini hasa?

Tunafuatilia safari za elementi chache, hasa kaboni, naitrojeni, salfa, fosforasi, chuma na oksijeni. Zinatoka hewani zikaingia majini, zikazama kwenye tope, tope likawa mwamba, na baada ya mamilioni ya miaka volkano na mmomonyoko vikazirudisha zilikotoka. Safari hiyo ndiyo tunayoiita mzunguko wa kemikali. Kisha tunauliza ni nani anayeuendesha. Kwa sehemu kubwa ya historia ya Dunia, jibu limekuwa vijidudu.

Fani hii ina majina mawili. Walioanzia kwenye kemia huiita biojiokemia, na walioanzia kwenye miamba na uhai wa kale huiita jiobiolojia. Maabarani ni watu walewale, wanaazimana mashine na kusahihishana. Mrusi Vladimir Vernadsky alitetea hoja hii mapema, mwaka 1926: kwamba uhai haukai tu juu ya Dunia kama abiria, bali ni nguvu ya kijiolojia inayoibadilisha sayari yenyewe.

Kwa nini vijidudu, na si mimea na wanyama?

Piga hesabu ya miaka. Dunia ina umri wa miaka bilioni 4.5 hivi. Wanyama wana miaka milioni 600 hivi tu, na mimea ya nchi kavu ni wageni zaidi ya hapo. Kabla yao, kwa miaka inayokaribia bilioni tatu, bahari na fukwe zilikuwa mali ya viumbe wasioonekana kwa macho. Hao ndio walioanzisha usanisinuru, wakajifunza kupumua nitrati, salfeti na chuma pale oksijeni ilipokosekana, na hatimaye wakabadili hewa ya dunia nzima. Sisi tumeikuta nyumba imeshajengwa.

Wala kazi hawajaiacha. Karibu nusu ya usanisinuru wote wa leo hufanyika baharini, na wengi wanaoufanya ni wadogo mno. Mmoja wao, Prochlorococcus, ndiye kiumbe wa usanisinuru mwenye idadi kubwa kuliko wote duniani, lakini hakujulikana hadi miaka ya 1980, Sallie Chisholm na wenzake walipomwona kwa mashine inayohesabu seli moja moja kwa mwanga wa leza. Vitabu vizima vya elimu ya bahari vilikuwa vimeandikwa bila yeye kutajwa. Kila nikilikumbuka hilo, tone la maji linanitia adabu.

Nipe mfano wa mzunguko mmoja ili nielewe.

Nitachukua naitrojeni, kwa sababu ndio unaoonyesha vizuri jinsi tunavyojua na tunavyokosea.

Asilimia 78 ya hewa tunayovuta ni naitrojeni, lakini mmea na mnyama hawawezi kuitumia ikiwa hivyo. Atomu zake mbili zimeshikana kwa kifungo kigumu sana. Wanaoweza kukivunja ni baadhi ya bakteria na arkea (vijidudu vingine visivyo na kiini, tofauti na bakteria) tu, kwa kimeng'enya kiitwacho naitrojenesi. Viwandani tunafanya kazi hiyohiyo kwa njia iliyoanzishwa na Fritz Haber mwaka 1909 na kupanuliwa na Carl Bosch, kwa joto la nyuzi 400 na zaidi na kwa mgandamizo mkubwa mno. Bakteria aliye kwenye fundo la mzizi wa kunde anaifanya kwenye joto la udongo wa kawaida. Kimeng'enya chake huharibika kinapoguswa na oksijeni, na kwangu hilo ni kama alama ya kuzaliwa: kilitengenezwa katika dunia isiyokuwa na oksijeni hewani, na mpaka leo kinalazimika kufichwa.

Naitrojeni ikishakuwa amonia, kuna vijidudu vinavyoigeuza kuwa nitriti, kisha nitrati. Sergei Winogradsky, mzaliwa wa Kyiv, ndiye aliyevitenga kwa mara ya kwanza karibu mwaka 1890. Akaonyesha kuwa ni makundi mawili: moja linaifikisha amonia kwenye nitriti, la pili linaichukua nitriti hadi nitrati. Tulifundishwa hivyo, nasi tukafundisha hivyo. Mwaka 2015 timu mbili zikatangaza bakteria wa jenasi Nitrospira anayefanya hatua zote mbili peke yake. Alikuwapo siku zote, hadi kwenye mabomba ya maji.

Kuna kisa kingine ninachokipenda zaidi. Mwaka 1977 Engelbert Broda, mwanakemia wa Austria, alikaa na hesabu za nishati akaona kwamba amonia na nitriti zikikutana pasipo oksijeni, kiumbe anaweza kupata nishati ya kuishi na kutoa gesi ya naitrojeni. Akaandika kwamba viumbe wa namna hiyo wamekosekana katika maumbile. Katika miaka ya 1990 wakapatikana, tena kwenye mtambo wa kusafisha maji taka nchini Uholanzi, kwa sababu wahandisi waliona amonia inapotea bila maelezo. Leo tunajua viumbe hao huchangia sehemu kubwa ya naitrojeni inayotoka baharini kurudi hewani. Walitabiriwa kwa kalamu kabla hawajaonekana kwa macho.

Mwamba unatunzaje habari za kiumbe asiye na mfupa wala ganda?

Kuna njia tatu, na hakuna hata moja inayotosha peke yake.

Ya kwanza ni umbo. Madini ya silika yakigandia juu ya seli kabla haijaoza, huigeuza kuwa gumegume na kuitunza ndani yake. Mwaka 1954 Stanley Tyler na Elso Barghoorn walitangaza visukuku vya vijidudu ndani ya gumegume la Gunflint, kando ya Ziwa Superior nchini Kanada, lenye umri wa karibu miaka bilioni 1.9. Kuanzia hapo watu wakaamini kwamba kutafuta uhai wa kabla ya wanyama si kupoteza muda. Umbo kubwa zaidi ni stromatolaiti: mikeka ya vijidudu inanasa chembe za mchanga na chokaa, tabaka juu ya tabaka, hadi ikawa vichuguu vya mawe. Zilizo hai bado zipo Hamelin Pool, Shark Bay, magharibi mwa Australia, kwenye maji yenye chumvi kali ambayo walaji wengi hawayawezi.

Ya pili ni isotopu, yaani atomu za elementi moja zinazotofautiana uzito. Karibu asilimia 98.9 ya kaboni ni ile nyepesi, kaboni-12, na asilimia 1.1 ni kaboni-13. Kimeng'enya kinachonasa kaboni dioksidi wakati wa usanisinuru hupendelea ile nyepesi. Kwa hiyo mwili wa kiumbe unakuwa na kaboni nyepesi kidogo kuliko chokaa iliyotua majini siku zilezile, na tofauti hiyo hubaki ndani ya mwamba hata seli yenyewe ikisagika kuwa doa jeusi. Tunaipima kwa spektromita ya masi, mashine inayotenganisha atomu kwa uzito, kwa sehemu za elfu.

Ya tatu ni molekuli. Mafuta ya utando wa seli yana mifupa ya kaboni migumu kuvunjika, na baadhi yake ni sahihi ya kundi fulani la viumbe. Njia hii inavutia kuliko zote, na imetuumiza kuliko zote. Nitaeleza hapo chini.

Oksijeni ilitoka wapi, na mnajuaje ilianza lini kujaa hewani?

Ilitoka kwa saianobakteria, viumbe wa kwanza kujua kupasua molekuli ya maji kwa nguvu ya jua. Oksijeni kwao ni taka ya kazi hiyo.

Ushahidi wa lini ulikuwa wa jumla kwa muda mrefu. Kwenye mchanga wa mito ya kale kabisa tunakuta chembe za pairaiti, madini ya chuma na salfa, ambazo leo zingeoza zikipigwa na hewa. Baadaye chembe hizo zinatoweka, na udongo uliogeuka mwamba unaanza kuwa mwekundu kwa kutu. Kati ya hayo kuna ile miamba ya mistari ya chuma, myekundu na ya kijivu kwa kupokezana, kama ya Hamersley nchini Australia. Zamani ilielezwa kirahisi: chuma kilichoyeyuka baharini kilikutana na oksijeni kikazama kama kutu. Mwaka 1993 Friedrich Widdel na wenzake walitangaza bakteria wanaotumia nuru kukitia chuma kutu moja kwa moja, bila oksijeni yoyote. Kwa hiyo mwamba wa chuma peke yake si shahidi wa oksijeni. Bado naona maelezo ya zamani yakirudiwa kama vile bakteria hao hawapo, na hilo linanisikitisha.

Kilichomaliza ubishi mwingi ni salfa. Ina isotopu nne zisizooza, na shughuli karibu zote za kawaida huzitenganisha kwa kufuata uzito wake, kwa uwiano unaotabirika. Mwaka 2000 James Farquhar, Huiming Bao na Mark Thiemens walionyesha kwamba katika miamba ya kale sana uwiano huo umevurugika, na katika miamba michanga zaidi mvurugiko haupo. Maelezo yanayosimama ni haya: pasipokuwa na oksijeni hapana ozoni, na pasipokuwa na ozoni miale ya urujuanimno hushuka na kuzipiga gesi za salfa za volkano kwa namna inayovuruga uwiano, kisha salfa hiyo hutua chini ikiwa bado na alama zake. Oksijeni ikizidi takriban sehemu moja kwa laki moja ya kiwango cha leo, alama hizo hazitunziki tena. Zinakatika kati ya miaka bilioni 2.4 na 2.3 iliyopita. Ukiweka vipimo hivyo kwenye mchoro mmoja, upande mmoja nukta zimetawanyika, upande wa pili zimelala kwenye mstari. Niliuona mchoro huo nikiwa mwanafunzi, na sikusoma kitu kingine siku hiyo.

Je, saianobakteria walianza kazi mapema zaidi ya hapo? Watafiti hawajakubaliana. Mimi naegemea upande wa wanaosema walianza mapema, ila gesi za volkano na chuma cha baharini vikawa vinaimeza oksijeni kabla haijajaa. Nitabadili mawazo mwamba ukinilazimisha.

Ushahidi wa kale kabisa wa uhai ni upi?

Kwa nionavyo mimi, ulio imara uko Pilbara, Australia Magharibi: stromatolaiti za Strelley Pool, miaka bilioni 3.43 iliyopita. Abigail Allwood na wenzake walizieleza mwaka 2006, wakaonyesha maumbo mbalimbali yanayobadilika kufuatana na kina cha maji, jinsi mikeka hai ingefanya. Karibu na hapo kuna miamba ya Dresser, ya bilioni 3.48, ambayo nayo ina watetezi wengi. Milima ya Barberton nchini Afrika Kusini ina miamba ya umri unaokaribiana na huo.

Ukirudi nyuma zaidi, ardhi inateleza. Mwaka 2016 yalitangazwa maumbo ya stromatolaiti huko Isua, Greenland, ya miaka bilioni 3.7. Miaka miwili baadaye Allwood na wenzake walikwenda palepale, wakayatazama kwa pande tatu, wakasema mwamba ulikunjwa na kubanwa ukatoa maumbo hayo bila msaada wa kiumbe yeyote. Kuna pia chembe ya zirikoni, madini magumu sana, ya Jack Hills, Australia Magharibi, ya bilioni 4.1, ambayo ndani yake mna grafiti, yaani kaboni, iliyo nyepesi. Chembe moja. Naiheshimu, lakini siwezi kusimama juu yake.

Mbona mnabishana na kugeuza maneno? Nitawaaminije?

Swali hili ndilo moyo wa kazi yenyewe.

Mwaka 1999 Jochen Brocks na wenzake walitangaza mafuta ya kale, steraini, kutoka kwenye miamba ya Australia ya miaka bilioni 2.7. Steraini hutokana na steroli, mafuta ya utando wa seli, na wanaozitengeneza kwa wingi ni viumbe wenye seli zenye kiini, kundi letu sisi. Kwa hiyo ilionekana kwamba viumbe hao walikuwapo karibu miaka bilioni moja kabla ya visukuku vyao vinavyotambulika. Vitabu vikaandikwa upya. Brocks mwenyewe hakuacha kuuliza kama mafuta yale ni ya mwamba au yaliingia baadaye, na mwaka 2008 alikuwa miongoni mwa walioandika kwamba ni ya baadaye. Kisha mwamba wa eneo lile ukachimbwa upya kwa keekee iliyosafishwa kuliko kawaida, maabara tofauti zikapewa vipande, na mwaka 2015 jibu likatoka: hakuna mafuta ya kale yanayozidi uchafu wa kawaida wa kazi. Mtu aliyejenga jina kwa ugunduzi akashiriki kuubomoa. Ukiniuliza nani wa kuaminiwa, nitakuonyesha huyo.

Nami nilipata funzo langu. Katika sampuli zangu za kwanza iliibuka molekuli nisiyoijua, safi, imesimama kama mnara kwenye karatasi ya kromatografu, mashine inayotenganisha molekuli. Kwa wiki mbili niliipa majina na kuitafutia kiumbe. Msimamizi wangu akaniambia nipitishe chombo kitupu, bila mwamba ndani, kwenye hatua zote zilezile. Mnara ukasimama vilevile. Ulikuwa kilainisho cha plastiki kilichotoka kwenye kifuniko cha chupa. Tangu siku hiyo kila kundi la sampuli zangu lina chombo kitupu, na matokeo ya chombo hicho nayasoma kwanza.

Nisome nini ili nifike huko?

Kemia ndiyo nguzo. Ukiwa nayo, unaweza kuongeza jiolojia au mikrobiolojia juu yake; kurudi nyuma kutafuta kemia ukiwa umeshachelewa ni kazi ngumu, nimewaona watu wakihangaika. Shahada ya kwanza inaweza kuwa ya kemia, jiolojia, biolojia au sayansi ya mazingira. Baadaye huja uzamili, na uzamivu ambao kwa kawaida huchukua kati ya miaka mitatu na sita kulingana na nchi. Kisha wengi hufanya utafiti wa mkataba wa miaka miwili au mitatu katika maabara nyingine, mara moja au zaidi. Kipindi hicho kina uhamaji mwingi na uhakika mdogo, na mtu mwenye familia anapaswa kuambiwa hivyo mapema.

Msimamizi ana uzito kuliko jina la chuo. Kabla hujakubali nafasi, ongea na wanafunzi wake wa sasa na waliokwisha kuondoka, na uulize ni nini hutokea mwanafunzi anapoleta matokeo yasiyopendeza.

Hesabu ni lazima?

Ndiyo. Takwimu, kalkulasi ya kawaida, na uwezo wa kuandika programu fupi ya kuchambua data.

Siku ya kazi nyanjani ikoje?

Ni ndefu, yenye maji, na sehemu kubwa ni kubeba vitu.

Fikiria bomba la plastiki lenye upana wa kiganja, limesukumwa kwa mkono kwenye tope la pwani, likazibwa juu na chini, likatolewa polepole. Ukilisimamisha kwenye mwanga unaona kila kitu. Juu kuna ngozi ya kahawia, nyembamba kama mkate wa maji. Hapo ndipo oksijeni inapoishia. Katika tope la pwani lenye chakula kingi ni milimita chache tu. Chini yake rangi inakuwa ya kijivu, halafu nyeusi tii, ambapo bakteria wanapumua salfeti na kutoa salfaidi inayokamatana na chuma. Ukiingiza kihisio chembamba kama sindano, unaangalia namba ya oksijeni ikishuka hadi sifuri kabla hata ncha haijazama vizuri. Ndani ya urefu wa kidole una mpangilio ambao bahari nzima iliwahi kuwa nao.

Kuanzia hapo ni kukimbizana na muda. Hewa ikiingia, kemia inabadilika mbele ya macho yako: weusi unageuka kahawia kwa dakika. Kwa hiyo tunakata vipande ndani ya mfuko uliojazwa naitrojeni, tunakamua maji ya tope kwa bomba la sindano, tunachuja, tunaandika lebo. Andika lebo kwa penseli. Wino hukimbia, penseli haikimbii.

Ili kuitazama bahari ya kale kwa ukubwa wake, watu huenda Bahari Nyeusi, ambayo chini ya mita 200 haina oksijeni bali salfaidi, au Ziwa Matano nchini Indonesia, ambalo maji yake ya chini yamejaa chuma kilichoyeyuka.

Utafiti mmoja huchukua muda gani?

Inategemea kiumbe ana haraka kiasi gani. Mwaka 2006 Hiroyuki Imachi na wenzake wa Japani walichukua tope kutoka kina cha mita 2,533 baharini. Waliliweka kwenye chombo cha kukuzia, wakalilisha methani kwa zaidi ya siku 2,000, kisha wakaanza kuhamisha kidogo kidogo. Kiumbe waliyemtafuta, arkea wa kundi la karibu sana na asili yetu sisi wenye seli zenye kiini, huchukua siku 14 hadi 25 ili seli moja iwe mbili. Bakteria wa kawaida wa maabara hufanya hivyo kwa dakika 20. Matokeo yalichapishwa rasmi mwaka 2020, wakampa jina Prometheoarchaeum syntrophicum. Kazi ya kumkuza ilichukua miaka kumi na miwili, na kwa muda mrefu hakukuwa na uhakika kwamba kuna chochote kinachoota mle ndani. Picha zake zinaonyesha kitufe kidogo chenye mikono mirefu inayogawanyika. Nilizitazama kwa muda mrefu sana.

Kuna hatari gani?

Zipo, na mbili nazitaja kwa kila mgeni wa maabara. Gesi ya salfaidi ya haidrojeni inanuka yai bovu ikiwa kidogo, lakini ikizidi inaua uwezo wa pua kunusa. Harufu ikikatika ghafla, usifurahi: toka. Ya pili ni asidi ya haidrofloriki tunayotumia kuyeyusha mwamba ili mabaki ya viumbe yabaki. Tone lake kwenye ngozi huenda lisiume mwanzoni, huku likipenya hadi kwenye damu na mfupa na kuiba kalsiamu ya mwili. Haishikwi na mtu aliye peke yake, wala pasipo na jeli ya kalsiamu glukonati mezani.

Nyanjani wengi huumizwa na vitu vya kawaida: jua, maji baridi, vipande vya mwamba vinavyoruka chini ya nyundo. Vaa miwani.

Kuna ajira nje ya vyuo vikuu?

Ipo, na wengi wa waliosoma nami wako huko. Taasisi za jiolojia, mamlaka za maji na mazingira, kampuni za madini na za mafuta, maabara za kupima isotopu za chakula na maji, mashirika ya anga. Anayejua kupima vitu vidogo kwa uangalifu na kuandika wazi jinsi alivyopima hakai muda mrefu bila kazi. Nafasi za kudumu za uhadhiri ni chache kuliko wanaozitafuta, na hilo ni kweli karibu kila mahali.

Sina mashine ghali. Nimekwama?

Hapana. Hakuna maabara yenye kila kitu. Watu hutuma sampuli kwa wenye spektromita na kuandika makala pamoja. Anayejua vizuri eneo moja na kuleta sampuli zilizotunzwa sawasawa, zenye kumbukumbu kamili, ana kitu ambacho mwenye mashine hana. Pia jenomu nyingi za vijidudu ziko wazi kwenye hifadhidata za umma. Kuna ugunduzi mzuri uliofanywa na watu waliokuwa na kompyuta na swali.

Haya mambo ya kale yana faida gani leo?

Methani ni mfano ulio karibu. Chini ya bahari inatengenezwa kwa wingi, lakini sehemu kubwa haifiki hewani kwa sababu inaliwa ndani ya tope. Mwaka 2000 Antje Boetius na wenzake walionyesha walaji wenyewe: vifundo vya arkea vilivyozungukwa na bakteria wanaopumua salfeti, mmoja akimpa mwenzake kazi ya kumalizia. Wasingekuwapo, hesabu za joto la Dunia zingekuwa nyingine kabisa. Wale wa Broda nao sasa wanaajiriwa kusafisha maji taka kwa umeme mdogo kuliko njia za zamani. Na mbolea: tunaingiza naitrojeni nyingi mno katika mzunguko ambao vijidudu viliusawazisha kwa muda mrefu, na ziada inatoka mashambani hadi baharini, inalisha mwani, mwani ukioza unakula oksijeni, samaki wanakufa. Anayejua bahari isiyo na oksijeni ilikuwaje anayaona maeneo hayo kwa jicho jingine.

Je, mnatafuta uhai kwenye Mirihi pia?

Baadhi yetu. Gari la Perseverance lilitua kwenye kreta ya Jezero Februari 2021, na mojawapo ya vyombo vyake, PIXL, kinachosoma kemia ya mwamba kwa kipimo cha punje ya chumvi, kiliandaliwa chini ya uongozi wa Allwood yuleyule wa Pilbara na Greenland. Uchaguzi huo naukubali kwa moyo wote: kazi ile inamtaka mtu aliyewahi kusema ndiyo kwa mwamba mmoja na hapana kwa mwingine, akatoa sababu zote mbili.

Bado niko shuleni. Nianze na nini?

Tengeneza safu ya Winogradsky. Chukua chupa ya kioo au plastiki inayopitisha nuru. Changanya tope la bwawa au mto na karatasi iliyochanwachanwa, iwe chakula cha kaboni, pamoja na kiini cha yai au jasi kidogo kwa ajili ya salfa. Jaza robo tatu, ongeza maji ya palepale, funika bila kukaza, weka dirishani pasipo jua kali la moja kwa moja. Usiitikise. Kila wiki piga picha kutoka mahali palepale na uandike tarehe.

Mwanzoni hakuna cha kuona. Baada ya wiki kadhaa rangi zinajitenga: kijani cha saianobakteria juu, chini yake kutu, kisha zambarau na kijani kingine cha bakteria wanaotumia nuru na salfaidi pasipo oksijeni, na weusi kitakoni.

Safu yangu imekuwa nyeusi yote. Nimekosea wapi?

Hujakosea sana. Weusi ni salfaidi ya chuma, maana yake wapumuaji wa salfeti wamepata chakula kingi wakawazidi wengine. Pengine uliweka kiini cha yai kingi, au chupa iko gizani. Isogeze kwenye nuru zaidi, usiongeze kitu, na uiache wiki nyingine sita. Tazama upande unaoelekea dirisha, karibu na mpaka wa tope na maji. Madoa ya zambarau huanzia hapo, madogo kama mbegu ya ufuta.